Barua kwa mdogo wangu aliyesema "nimeshaiona"

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako niliikuta mwishoni kabisa mwa ujumbe, baada ya malalamiko yote. Unauliza kwa nini kila Jumamosi asubuhi ukinitafuta nipo bustanini, kule mtoni, mahali ambapo wewe ulikwenda mara moja, "ukaiona", basi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza, na kwenye simu huwa unanikatiza.

Siku uliyokwenda naikumbuka. Jumapili mchana, kiangazi kimekolea, watu kama siafu, mto umekonda hadi mawe yanaonekana na unanuka kidogo. Hata mimi siku kama ile siendi. Kiangazi naenda alfajiri. Maji yakipata joto hayashiki oksijeni nyingi kama yakiwa ya baridi, na usiku mimea ya majini nayo huitumia hiyohiyo bila kuirudisha, kwa hiyo samaki hubanwa zaidi kabla jua halijatoka. Utawaona wamepanda juu, midomo wazi, kama abiria wanaogombea dirisha. Jua likishika, mimea inaanza kutoa oksijeni tena nao wanazama zao. Wewe ulifika saa nane. Uone nini?

Majani yanapopukutika kila mtu anakuja na simu yake kupiga picha, kwa hiyo sina haja ya kukupigia debe. Ila okota jani moja. Ule umanjano haukuletwa na baridi, ulikuwamo tangu jani lilipochipua, umefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinafifia, njano inajitokeza. Wekundu ndio unaotengenezwa upya wakati huo. Kisha tazama ncha ya kikonyo: kovu dogo, limenyooka kama la wembe. Mti wenyewe umejiandaa kulikata, umeweka utando wa seli pale jani linaposhikana na tawi. Upepo unamalizia tu.

Wakati wa baridi ndipo ninapokuwa na bustani peke yangu. Mto unatoa moshi asubuhi, kwa sababu maji yana joto kuliko hewa iliyo juu yake, na mvuke unageuka matone madogo ya ukungu pale pale. Barafu huanzia kingoni, maji yalikotulia. Katikati mkondo unakataa. Na inakaa juu, haizami, maana maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 hivi za Selsiasi, yakipoa zaidi yanakuwa mepesi. Samaki wako chini wanaendelea na maisha. Bata nao wanasimama juu ya barafu peku, tena mguu mmoja. Nilikuwa nawahurumia hadi nilipojua kwamba miguuni mwao mishipa inayoshusha damu ya moto imelala bega kwa bega na ile inayorudisha ya baridi, inapashana joto njiani. Aliyekuwa akitetemeka pale ni mimi.

Lakini kama utakuja mara moja tu, basi njoo mto ukishafurika.

Ulishawahi kuniambia waliojenga bustani mahali panapofurika hawakufikiri. Walifikiri sana. Theluji ya huko juu ikiyeyuka na mvua ikaongezea, mto lazima upate pa kujimwaga. Ukinyimwa nyasi, utaingia vyumbani mwa watu. Ndiyo maana yale mabenchi yamefungwa kwa boliti kwenye zege na vyoo vimejengwa kule juu karibu na barabara. Kwenye nguzo ya daraja kuna kipimo cha maji kilichochorwa kwa rangi nyeupe. Ulipokwenda wewe maji hayakuwa yamefika hata 1. Mwaka huu nilisimama darajani nikaona namba 3 imemezwa, na benchi langu halionekani kabisa, limebaki duara la maji yanayozunguka mahali pake.

Maji yalipotoka nikashuka. Nilikuta mfuko wa plastiki umening'inia kwenye tawi, juu kuliko kichwa changu. Nikawalaani watoto wa watu bure. Halafu nikaona mti wa pili nao una matakataka usawa uleule, na wa tatu, mstari mmoja ulionyooka mpaka darajani, ndipo akili ikanikaa: nilikuwa nimesimama chini ya mto. Hapo hapo mguu wa kulia ukazama kwenye tope. Niliuvuta, ukaja bila kiatu. Nilirudi nyumbani na soksi, hiyo sehemu unaijua, uliicheka wiki nzima.

Ambacho sikukwambia ni kwamba wiki iliyofuata nilirudi kukitafuta. Sikukipata. Mbayuwayu walikuwa wamefika, wanatua pale pale nilipozama, wanachota tope kwa midomo na kulipeleka chini ya daraja, tonge baada ya tonge, kujengea viota. Viwili vilikuwa vimefika nusu. Tope la juu lilikuwa bado bichi, jeusi. La chini limeshakauka, kijivu.

Jumamosi hii nipo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Benchi la tatu kutoka darajani. Ubao wa kulia umepasuka, kalia upande wa kushoto. Na vaa viatu usivyovionea uchungu.

Kaka yako