YAH: KAMSHAFTI YA CHEVELLE YANGU, NA NILIVYOTENDEWA MBELE YA WATU KARAKANANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,

Assalaam alaykum.

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi mzima, alhamdulillah. Gari yangu ndiyo mgonjwa, na aliyeiuguza ni karakana yako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichopatania bei mimi na wewe, tena kwa vicheko, siku niliyolipa. Vicheko vimekwisha.

Masharti ya dhamana mnayajua kuliko mimi, mmeyatundika wenyewe ukutani juu ya keshia, kwa hivyo sitayarudia. Nianze na msimamizi wako wa karakana. Baada ya kazi yenu ya mara ya pili, nimeleta gari inagonga upande wa kushoto, tik-tik-tik, mjukuu wangu nimemshika mkono, wateja wamejaa. Kijana huyo akafungua boneti, akachomoa dipstiki ya oili, akatazama huku na huku kutafuta kitambaa, hakukiona. Akanyoosha mkono akachukua karatasi yangu niliyoiweka juu ya rediata, akafutia. Kisha akanambia, "Mzee, gari hii si ya umri wako. Mnunulie bibi Corolla mpumzike." Watu wakacheka. Mjukuu wangu naye akacheka, maskini, hajui kinachochekwa.

Karatasi ile, Bwana Meneja, ndiyo agizo langu la kazi. Nililiandika kwa mkono wangu tangu mwanzo na nakala yake mmeibana kwenye faili lenu. Gari ni Chevrolet Chevelle ya 1969, injini ya inchi za ujazo 350, pistoni zenye kompresheni (kuibana hewa) ndogo ya 8.5 kwa 1, gia otomatiki na konveta yake ya kiwandani, ile inayounganisha injini na gia, difu ya uwiano wa 3.08, breki za busta, na kiyoyozi, maana huwezi kuishi Maskati na gari isiyokuwa na kiyoyozi ukajiita una akili. Gari ya barabarani hiyo, si ya mashindano. Ndiyo maana niliandika kamshafti ya kiasi, yaani ule mhimili wenye nundu zinazosukuma lifta, na lifta zikafungua valvu: valvu ya kuingiza ikae wazi nyuzi 214 za mzunguko na ya kutolea moshi 224, zikipimwa lifta imepanda inchi 0.050, na nyuzi 112 baina ya vilele vya nundu. Ile ya kiwandani ilikuwa 195 na 202 tu, kwa hivyo hata hiyo niliyoitaka ni kupanda ngazi ya kutosha. Inaanza kuvuta kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika huko, na mimi mizunguko yangu ndiyo hiyo, kutoka Ruwi mpaka Al Khuwair.

Mlinitilia nini? Nyuzi 242, na vilele vimekaribiana kwa 108. Bila ya kuniuliza. Nilipouliza, jibu likawa "hii ndiyo inayovuma vizuri, vijana wote wanaitaka." Hakika inavuma! Gari ikisimama kwenye taa inatikisika mpaka kioo cha kati kinacheza. Lakini kamshafti ya namna hiyo hufunga valvu ya kuingiza kwa kuchelewa, na pistoni ikipanda inairudisha hewa ilikotoka. Kwa kompresheni ya 10.5 na zaidi, difu ya 4.10 na konveta inayoiachia injini ipande mpaka mizunguko 3,000, sawa, ina kazi yake. Kwa 8.5 yangu gari ikawa nzito kuondoka kuliko ilivyokuwa kabla hamjaigusa. Vakyumu, ule mvuto wa hewa wa injini, iliyokuwa inchi 17 za zebaki gari ikiwa imesimama, ikashuka mpaka 8. Busta, inayolisaidia guu kukanyaga breki, inakula vakyumu hiyo hiyo. Kwenye mteremko wa Amerat breki zinashika, kwa kuwa umeachia pedeli ya mafuta na injini inavuta hewa kwa nguvu. Balaa ni kwenye foleni: ukikanyaga mara ya pili, ya tatu, pedeli inakuwa ngumu kama ukuta. Nilikuwa na mke wangu garini. Na ukiwasha kiyoyozi, gari inazima katikati ya barabara, joto limepita 40.

Hayo niliyasamehe. Mlikubali kuitoa na kunitilia niliyoiagiza, nami nikalipa ufundi mara ya pili, rial 260, bila ya kupiga kelele. Hapo ndipo mlipoiua injini.

Kamshafti mpya ya lifta za kukwaruza, zisizo na magurudumu, hutiwa na lifta mpya. Hili halina mjadala. Kila lifta huzoeana na nundu yake, huzunguka juu yake, na ukishaihamisha kwenye nundu nyingine haizunguki tena, inasaga. Nyinyi mkachukua lifta za ile kamshafti mliyoitoa mkazirudisha, tena mmezichanganya ndani ya ndoo, nimeiona ndoo kwa macho yangu. Laiti ingekuwa injini ya baada ya 1987, walipoanza kutia lifta za magurudumu, pengine ningenusurika. Kisha ikaja kuwashwa. Karatasi yangu ilisema, na nilipiga mstari chini ya maneno: ikishika moto tu ipandishwe mpaka mizunguko 2,000 na zaidi, ishikiliwe hapo dakika 20, isiachwe ingurume chini, kwa kuwa nundu zinapata oili kwa kurushiwa na krenkishafti, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na krenkishafti ikizunguka polepole hairushi kitu. Na oili iwe yenye zinki ya kutosha, inayokinga chuma kisisagane, si hizi za siku hizi zilizopunguzwa zinki kwa ajili ya vichujio vya moshi vya magari mapya. Fundi wako aliiwasha, akaiacha inguruma chini akichezea skrubu za kabureta, halafu akaenda kunywa chai. Nilisema. Nikaambiwa nikae kwenye kiti cha wateja.

Sasa nirudi kwa yule msimamizi, maana kila nikilala namuona. Alipoichomoa ile dipstiki, mimi nilikuwa karibu yake zaidi ya alivyodhani. Oili ilikuwa inametameta. Vumbi la chuma, rangi ya fedha, limeshika ncha ya dipstiki, na taa ya karakana iko juu yake. Aliliona. Wallahi aliliona, kwa sababu alisita. Mkono ulisimama kidogo, akanitazama, kisha ndipo akachukua karatasi yangu, akalifutia vumbi lile juu ya maandishi yangu mwenyewe, pale pale niliposema "isiachwe ingurume chini", akaikunja akaitupa kwenye pipa. Kisha ndiyo akaleta maneno ya umri wangu na Corolla. Alikuwa anafuta ushahidi, na kicheko kilikuwa pazia tu. Niliinama pipani nikaiokota karatasi mbele ya wateja wenu, mtu mzima mimi, na hapo kicheko kikazidi.

Ninayo karatasi hiyo. Vumbi bado limeganda.

Injini imeshafunguliwa na fundi mwengine, kwenye mji wa Barka. Nundu ya kutolea moshi ya silinda ya 3 imelika mpaka inakaribia kuwa duara, ndiyo maana gari ilikuwa inakohoa kupitia kabureta. Chuma kilichotoka pale kimepita kwenye pampu ya oili kikaingia kwenye beringi.

Kwa hivyo nilikuwa nimekusudia kuomba mnirudishie bei ya kamshafti zote mbili na ufundi wa mara mbili. Nilipoanza barua hii hilo lingenitosha. Lakini kila ninavyoandika naona haitoshi: nani atalipia beringi? Nani atalipia kuivua injini yote, kuosha njia za oili, kutia kamshafti ya tatu na lifta mpya 16? Nyinyi. Na kazi hiyo haitafanyika kwenu, itafanyika Barka, kwa gharama zenu. Na msimamizi wako ataniomba radhi mimi na mjukuu wangu, si kwa simu wala kwa barua, bali pale pale mbele ya rediata, wateja wakiwepo, kama walivyokuwepo siku ile.

Nakupa mpaka Alhamisi adhuhuri. Nilikuwa radhi kupokea kwa mafungu; sasa sipokei, nataka zote kwa pamoja. Alhamisi ikipita, Jumapili asubuhi nitakuwa kwenye Mamlaka ya Kumlinda Mlaji na karatasi yangu, risiti zenu mbili, na picha za ile nundu. Na barua hii itaingia kwenye kundi letu la magari ya zamani, ambamo kuna mwenye Mustang na mwenye Camaro waliokuwa wanasubiri niwape neno juu ya karakana yenu kabla ya kuleta injini zao. Nitawapa.

Kamshafti iliyolika na lifta zake ziko kwangu, zimefungwa. Usitume mtu kuja kuzichukua. Kama unataka kuziona, njoo wewe mwenyewe, na uje na hundi.

Wasalaam,

Mteja wenu, mwenye Chevelle ya 1969