Programu za usafiri nazo zimulikwe

Mhariri,

Naendesha bajaji hapa Dodoma. Jumamosi iliyopita nilimchukua abiria stendi ya Nanenane hadi Chuo Kikuu. Alilipa shilingi 6,000. Kabla sijageuza chombo, simu ikaonyesha programu ya kuitia usafiri, iliyoniletea abiria huyo, imekata 1,500 kama sehemu yake. Mafuta juu yangu, tairi juu yangu, na hesabu ya bosi jioni iko palepale.

Nikiitoa simuni, niende wapi? Abiria wote wako humo kwa sababu madereva tuko humo, nasi tuko humo kwa sababu ya abiria. Anayetaka kuanzisha programu yake hapati pa kuingilia. Nguvu ya kampuni hizi iko hapo, maana bajaji hawana hata moja.

Sheria ya Ushindani tunayo tangu 2003, na inakataza mkubwa wa soko kutumia nguvu zake vibaya. Lakini iliandikwa kabla simu janja hazijafika mikononi mwetu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 inayozibana mapema kampuni kubwa za mtandaoni: zisipendelee bidhaa zao kwenye utafutaji, wala zisitumie taarifa za wafanyabiashara waliomo ndani kushindana nao.

Naiomba Tume ya Ushindani itutazame na sisi. Ianze na hili: akaunti ya dereva isifungwe bila kuelezwa kosa. Mwenzangu wa kijiweni alifungiwa siku tisa, ana watoto watatu, na hadi leo hajaambiwa sababu.

Dereva wa bajaji,
Nkuhungu, Dodoma