Risala ya Wanakikundi wa Mbio kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kukabidhiwa Jezi kabla ya Kilimanjaro Marathon

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Kocha wetu, wazazi na walezi,
Wanariadha wenzetu,

Shikamooni wakubwa wetu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kupanda hadi huku kwenye vumbi badala ya kutuita ofisini. Njia tunayokimbia umeipita mwenyewe, kwa hiyo mengine umeshayaona.

Kikundi chetu ni cha wakazi wa miteremko hii ya Moshi: wanafunzi wa sekondari, mama lishe, madereva wa bodaboda, walimu na wastaafu. Jumapili ijayo tutashuka Uwanja wa Ushirika kushiriki Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wengi tumejiandikisha kilomita 21. Aliyewahi kuikimbia njia ile anaujua mwinuko wa kuelekea Mweka, katikati ya migomba na mibuni. Ni mrefu, na aliyejiandaa kwenye tambarare peke yake huanza kutembea hapo.

Ndiyo sababu kocha ametusisitizia mazoezi ya kilima. Tunaanza kwa kukimbia taratibu kama dakika 20 ili misuli ipate moto. Kisha tunajipanga chini ya kilima hiki cha udongo kilicho nyuma ya viti vyenu. Filimbi ikilia tunapanda kwa nguvu zote, magoti juu, mikono ikisukuma, kwa sekunde 10 tu. Filimbi ya pili tunageuka, tunashuka kwa kutembea, tunangoja dakika mbili hadi tatu, tunarudia. Mgeni katika kikundi hupewa mara nne; waliozoea hufika nane au kumi.

Wazazi wametuuliza sekunde 10 zinamfaa nini mtu wa kilomita 21. Mheshimiwa, nguvu ya mkurupuko ule hutoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli yenyewe. Huisha kwa sekunde chache, na hujaa tena kwa dakika kadhaa. Anayekatisha mapumziko hupanda tena akiwa na akiba nusu, akabaki anahema tu bila kujenga nguvu. Mwinuko huyalazimisha makalio, mapaja na vigimbi kusukuma kwa pamoja. Tena ardhi iliyoinuka huupokea mguu mapema, kwa hiyo kishindo kwenye magoti hupungua. Kinachoumiza ni kushuka, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki. Kwetu ni mwiko kushuka mbio siku ya zoezi hili.

Wazee wetu huwasimulia vijana habari za Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989. Lakini Septemba 2025 vijana walijionea wenyewe, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo. Ilikuwa usiku wa manane kwa saa za hapa, Tokyo kumekucha. Baada ya kilomita 42, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na dhahabu ikaja Tanzania kwa tofauti ya sehemu tatu kati ya mia moja za sekunde moja. Tangu usiku ule kocha hahitaji kumbembeleza mtu kuhusu sekunde 10.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lipo jambo ambalo tungependa uondoke nalo. Zamani tulikimbia alfajiri kando ya barabara ya lami. Kando haina nafasi, magari yanapita kwa kasi, giza bado halijatoka. Wazazi waliwazuia mabinti zao, na hatuwalaumu. Tulipohamia hapa mabinti walirudi. Mazoezi yote ya kilima huonekana kutoka kwenye vibaraza vya nyumba hizi. Mama anachochea moto huku anamwona mwanawe akipanda na kushuka. Leo kundi la mbele kilimani lina wasichana wengi, na ukiwaona wakipanda utaelewa kwa nini tunalisema hili kwa uchungu.

Kwa sababu eneo hili halijapimwa wala kutengwa. Upande wa chini, mawe ya ujenzi yameshaanza kushushwa. Hatujui ni ya nani na hatuna ugomvi na mtu. Tunaomba eneo hili lipimwe na kuandikwa kuwa eneo la wazi la michezo, mapema, kabla msingi wa kwanza haujachimbwa. Hatuombi jukwaa, hatuombi lami. Udongo huu ulivyo unatutosha, na miguu inaupenda kuliko lami.

Tunaomba pia vizibao vya kuakisi mwanga kwa siku za mbio ndefu barabarani, sanduku la huduma ya kwanza, na kocha wetu, anayejitolea bila malipo, apatiwe nafasi kwenye kozi ya ukocha wa riadha itakapotokea.

Baada ya risala hii tunakuomba upulize filimbi ya kwanza ya mazoezi ya leo. Ni ya mwisho ya kilima kabla ya Jumapili, kwa hiyo tutapanda mara nne tu. Miguu imeanza kupumzishwa. Wasichana watatangulia. Kisha utukabidhi jezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.