Foleni ya dirishani ibaki ndani ya kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayotukabili sisi tunaoishi kandokando ya barabara kubwa za Dar es Salaam, nayo ni migahawa inayomhudumia mteja akiwa ndani ya gari: anaagiza kwenye kipaza sauti, anasogea hadi dirishani, analipa, anapokea mfuko wake na kuondoka. Siipingi biashara hiyo. Mama ambaye watoto wake wamelala kiti cha nyuma, au mtu mwenye ulemavu wa miguu, hupata nafuu kubwa asipolazimika kushuka. Ninachopinga ni kuiweka kwenye kiwanja kisichoitosha.

Karibu na ninapoishi upo mgahawa wa aina hiyo, uliofunguliwa katika nyumba iliyokuwa ya makazi. Ijumaa jioni foleni huanzia dirishani, hutoka getini, huziba njia ya waenda kwa miguu na kuishia kwenye kituo cha daladala. Hivi karibuni nilimwona mtoto wa shule, begi mgongoni, amesimama mbele ya magari mawili yaliyokaribiana mno, akitafuta upenyo. Alipoukosa alishuka barabarani ili aizunguke foleni, na bodaboda iliyokuwa nyuma yake ikampigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyevunja sheria.

Hesabu yake si ngumu. Gari dogo likiwa kwenye foleni huchukua takribani mita 6, kwa hiyo magari 10 yanahitaji mita 60 za njia. Kiwanja chenye upana wa mita 30 hakiwezi kuyabeba kwa mstari ulionyooka. Ni lazima njia izungushwe nyuma ya jengo, na pembeni yake iachwe nafasi ya kutokea kwa dereva aliyeghairi, la sivyo magari yatasimama barabarani.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mwendelezaji apate kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi. Hofu yangu ni kwamba neno “mgahawa” likiandikwa peke yake katika ombi halimwelezi ofisa mipango miji kama wateja watakaa mezani au watapita na magari, ilhali mambo hayo mawili yanatofautiana sana kwa barabara na kwa majirani. Naomba halmashauri za jiji zidai mchoro unaoonyesha foleni nzima ikiwa ndani ya kiwanja, na kibali cha ujenzi kisitolewe kabla ya wakala wa serikali anayesimamia barabara, TANROADS au TARURA kwa kutegemea barabara ni ya nani, kuridhia mahali pa kuingilia, mbali na makutano na vituo vya daladala. Njia ya waenda kwa miguu ipite mbele ya geti bila kukatwa wala kushushwa, ili dereva ndiye aone kwamba anavuka njia ya watu. Kipaza sauti nacho kielekezwe mbali na nyumba, kwani saa tano usiku nikiwa kitandani huwa nasikia kila oda inayotajwa.

Mji wa Minneapolis nchini Marekani, baada ya kuishi na madirisha haya kwa miaka mingi, uliamua mwaka 2019 kupiga marufuku ujenzi wa mapya. Sisi hatujafika huko, na ndiyo maana kanuni zitungwe sasa, wakati migahawa ya namna hii bado ni michache.

Kwa ile iliyokwisha kujengwa, wamiliki wapewe muda maalumu wa kuhamisha geti la kuingilia au kuweka mtu wa kuzuia magari yasisimame juu ya njia ya miguu, na agizo hilo libandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ili nasi wakazi tulisome.

Msomaji wako,
Dar es Salaam