Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mzigo ukaguliwe kabla ya mlima

Mheshimiwa Waziri,

Kila msimu wa theluji, wakaguzi wako husimama chini ya mlima na swali moja: minyororo ya tairi ipo? Wana haki ya kuuliza. Lakini lori lenye minyororo kamili hupinduka konani mzigo ukihama, na mzigo haukaguliwi. Hilo ndilo lililotufanya tukuandikie.

Chukua lori lenye tani 10 za masanduku ya mbao. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, maana breki ya ghafla huusukuma hivyo. Hapa ni tani 8. Sakafu ya bodi ikiwa kavu na safi, msuguano hushika kama tani 4.5, na mikanda ya kufungia mzigo hubeba 3.5 zilizobaki. Sakafu ikiwa na sakitu (umande ulioganda) au theluji, kiwango cha Ulaya hakiruhusu kuhesabu zaidi ya tani 2. Mikanda sasa inadaiwa tani 6.

Lebo ya mkanda nayo inawapoteza wengi. Mkanda wa milimita 50 huandikwa kwamba unahimili karibu kilo 2,500, dereva akaridhika. Hiyo ni nguvu ya mkanda unaovutwa moja kwa moja. Ukipitishwa juu ya mzigo, unaofanya kazi ni mkazo wa racheti (kifaa cha kukazia mkanda) tu, ambao mara nyingi ni kama kilo 350. Mkanda huo hauuzuii mzigo wenyewe; huukandamiza sakafuni kwa pande zote mbili, yaani kilo 700, na msuguano hutoa sehemu tu ya hizo: kama kilo 315 sakafu ikiwa kavu, 140 ikiwa na sakitu. Piga hesabu: hata mikanda ikishuka wima, sakafu kavu inahitaji 12, yenye sakitu 43. Mkanda ukilala kwa nyuzi 30 kutoka sakafuni, nguvu yake ni nusu. Hakuna lori linalofungwa mikanda 43! Kwa hiyo sakafu ifagiliwe kabla ya kupakia, mikeka ya mpira itandikwe, na mzigo uegemee ukuta wa mbele wa bodi. Pakibaki nafasi, ijazwe mbao.

Tunaomba mkaguzi afunue turubai, aitazame sakafu, kisha aushike kila mkanda kwa mkono. Theluji iliyobanwa chini ya mkanda ikiyeyuka, mkanda hulegea wenyewe. Marekani dereva analazimika kukagua mzigo tena ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kama kilomita 80, na sisi tunaliona hilo ni jambo la busara.

Tunaomba pia eneo la kusimama kabla mwinuko haujaanza: tambarare, pana, lenye taa, lililoondolewa theluji. Leo watu wanafunga minyororo wamepiga magoti ukingoni mwa barabara, magari yakiteleza mita moja kutoka migongoni mwao. Mbele kidogo iwepo nafasi nyingine ndogo, kwa kuwa minyororo hulegea baada ya mizunguko ya mwanzo na lazima ikazwe upya. Mnyororo uliolegea hupiga mabomba ya upepo ya breki hadi yakatike.

Kileleni pawe na kituo cha lazima kwa malori yote. Viatu vya breki vilivyolowa huganda kwenye dramu lori likiegeshwa. Likiondoka, tairi za trela huburutwa juu ya barafu bila kuzunguka, na dereva hasikii chochote; ni kioo tu kitakachomwonyesha. Basi bango la hapo limwambie asogee polepole, ahakikishe kila gurudumu linazunguka, na aingize gia nzito kabla ya mteremko, si katikati yake. Liseme pia kwamba barabara ikiwa na barafu breki ya injini izimwe, hasa lori likiwa tupu: hukaba magurudumu ya kichwa peke yake, trela ikaendelea kusukuma, lori likajikunja. Maandishi yawe makubwa, yasomeke kwenye ukungu.

Wenye kuandika,
Madereva na wafungaji mizigo wa njia za milimani