Barua kwa mpwa wangu wa Morogoro, kuhusu yule kaa mwenye mayai

Mpwa wangu,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikaingiwa na wasiwasi, ya tatu nilikuwa nimeshashika kalamu. Najua ulitaka jibu la nusu dakika: fanya hivi na hivi, mjomba kasema. Halitatosha. Na kwa kuwa si wewe wa kwanza kuniuliza tangu watu waone picha za beseni langu la kulelea kaa, naandika hapa wazi na wenzako wasome. Jina lako silitaji, ingawa mama yako akisoma mistari miwili tu atajua.

Kwa wasiokuwepo: Desemba kijana alikuja likizo hapa Mikindani, akaondoka na kaa watano ndani ya kopo la Blue Band bila kuniambia. Si kaa wa kupika. Ni wale wanaotembea ufukweni na gamba la konokono mgongoni, ambao babu yake alikuwa akiwaokota magharibi kwa ajili ya chambo. Sasa mmoja kajinyoosha nje ya gamba, kijana kaona kishada cha mayai, na kichwani ameshafungua duka. Atawalea watoto kwenye ndoo, awauze shuleni elfu mbili mbili.

Nianze na rangi, maana hiyo haingoji. Umesema mayai yana rangi ya tofali. Basi una siku kadhaa bado. Jike huyabeba tumboni, yameshikana na vile vijiguu vidogo vilivyojificha ndani ya gamba, kwa muda wa kama mwezi. Yakikaribia, wekundu unapotea, yanakuwa ya kijivu, na ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia kila yai lina vidoa viwili vyeusi. Hayo ni macho. Ukiona macho, mama anatafuta bahari, na hapo hakuna ndoo ya Morogoro itakayomdanganya.

Kaa huyu anaishi nchi kavu, anapanda mpaka kwenye minazi na mashimo ya vichakani, lakini watoto wake ni wa baharini. Jike hushuka ukingoni usiku, mayai yakigusa maji ya chumvi yanapasuka, na wanaotoka hawafanani na kaa hata kidogo. Wataalamu huwaita zoea. Wanaelea na maji, wanabadilisha ngozi mara nne au tano, ndipo wanakuwa kiumbe kingine kinachoitwa megalopa, chenye viganja vya kukamatia, na huyo ndiye anayetafuta gamba na kupanda nchi kavu. Tangu kuanguliwa hadi kukanyaga mchanga ni kama miezi miwili. Kule majuu kaa hawa wanauzwa madukani kama wanyama wa kufuga, na karibu wote wameokotwa fukweni kama ulivyowaokota wewe. Si kwamba wenzetu hawana pesa ya kuwazalisha. Hiyo miezi miwili ndiyo inayowashinda.

Mimi niliijaribu mwaka juzi, na umeziona picha nilizochagua kukuonyesha. Sasa nikwambie zile ambazo sikupiga.

Ilikuwa Januari. Jirani mvuvi aliniletea jike mwenye mayai, kamtoa kwenye kopo la chambo kwa kumhurumia. Nikampa beseni la mchanga mbichi na vibakuli viwili, kimoja maji ya mvua, kimoja maji ya bahari. (Hata kaa mkubwa anahitaji vyote viwili. Na maji ya bomba yenye dawa usimpe, yaache ndoo ikiwa wazi siku mbili kwanza.) Usiku wa bamvua, kama saa nne hivi, nikasikia gamba linagonga bakuli, ko, ko, ko. Kumulika na tochi ya simu, yule mama kaketi ndani ya maji ya chumvi anajitikisa kama mtu anayepeta mchele, na maji yamechafuka vumbi. Nikainama karibu. Lile vumbi lilikuwa linaogelea. Kila chembe ina macho mawili meusi, mwili kama kioo, na zote zinaukimbilia mwanga wa simu. Nikichota kijiko kimoja cha chai nahesabu thelathini na zaidi. Niliamsha nyumba nzima. Shangazi yako akatazama, akauliza kama wanaliwa, akarudi kulala.

Nikawagawa mara mbili. Nusu niliwaweka kwenye diaba pana na ile pampu ya hewa ya samaki, nikaiacha ibubujike kwa nguvu zote, maana nilidhani hewa nyingi ndiyo afya. Siku ya tatu diaba lilikuwa tupu. Waliobaki ni utando mweupe chini. Mapovu yalikuwa yanawapigapiga kama shati kwenye mashine ya kufulia. Nusu ya pili ilisalimika kwa sababu ya ufukara tu. Sikuwa na jiwe la pili la kusambaza mapovu, nikatumia mrija mtupu ndani ya dumu la maji la lita 20 nililolikata shingo, na povu likawa linatoka moja moja, maji yanazunguka taratibu. Ndivyo inavyotakiwa. Maji yazunguke ili watoto wasilale chini, lakini yasiwarushe.

Chakula kilinitesa zaidi. Hawali unga, hawali wali, wanakula kinachotikisika. Nilianza kwa kuvua vijidudu vya baharini gatini usiku, nikiburuta kipande cha shifoni kilichoshonwa kama mfuko. Vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa na meno. Asubuhi moja nikakuta vidubwana virefu kama uzi, vimeshiba, na watoto wangu wamepungua nusu. Tangu hapo nikaagizia Dar kikopo cha mayai ya artemia, vile vidudu wanavyolishia vifaranga vya kamba. Unayaweka kwenye maji ya chumvi yenye hewa na mwanga, kwa joto letu hili kesho yake yameanguliwa, na unawalisha siku hiyohiyo kabla hayajaisha mafuta. Utajuaje kama mtoto kala? Mwili wake ni kioo, artemia ni ya rangi ya chungwa. Aliyeshiba ana mstari wa chungwa tumboni, mwembamba kuliko uzi. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa napiga magoti mbele ya dumu natafuta mistari ya chungwa.

Kubadilisha maji kila siku, robo ya dumu. Hapo ule ulevi wao wa mwanga ulinisaidia. Unaweka tochi upande mmoja, wote wanajazana huko, nawe unavuta maji machafu upande wa pili kwa mpira wa dripu uliovishwa soksi ya nailoni. Maji mapya niliyachota bahari ikiwa imejaa, mbali na mto, na baada ya mvua kubwa nilisubiri, maana chumvi inapungua. Pembeni ya dumu nilichora mstari kwa kalamu ya wino. Maji yakishuka kwa jua, kilichopotea ni maji matupu, chumvi imebaki, kwa hiyo nilifidia kwa maji ya mvua hadi kwenye mstari. Na chombo cha shaba kisikaribie kabisa. Jamii hii yote shaba ni sumu kwao.

Siku ya kumi na kitu umeme ukakatika saa mbili usiku. Pampu ikanyamaza. Nilichukua kata ya kifuu, nikawa nachota na kumimina taratibu, nachota na kumimina, kila baada ya nusu saa, mpaka umeme uliporudi alfajiri. Ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya kazi. Ofisini nililala juu ya daftari, bosi akapita, akaniangalia, akaondoka. Ukitaka kuniuliza kwa nini sikufungua biashara, anzia hapo.

Siku ya 26 nikaona wa kwanza aliyebadilika. Kama kamba mdogo, ana viganja, anatambaa chini badala ya kuelea. Wakafika kumi na mmoja. Kumi na mmoja, mpwa wangu, kutoka kwenye maelfu, na hapo ndipo walipoanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Ilibidi kuwatawanya kwenye vyombo haraka. Ukawa pia wakati wa nyumba. Nilikwenda pwani ya Shangani maji yamekupwa, nikakaa na chujio la chai nachekecha mchanga, natafuta magamba ya konokono ya ukubwa wa punje ya mchele na madogo zaidi, kama ufuta. Jumapili mbili nilifanya hivyo. Watoto wakanizunguka wakidhani nimepoteza pete. Nilipata kama themanini, nikayachemsha, nikayamwaga ndani.

Hilo nililoliona baada ya hapo ningelipa kiingilio kuliona tena. Mmoja alilifikia gamba, akaligeuza mdomo juu, akaingiza kiganja kupima ndani, akakitoa. Akalizungusha. Akaingiza tena. Akaliacha, akaenda la jirani, akarudi. Nilikuwa nimeshika pumzi ili nisitikise maji. Halafu, kufumba na kufumbua, mkia umeshaingia na yuko ndani anachungulia kama mpangaji mpya.

Sita walivaa. Niliwajengea mteremko wa mchanga na vipande vya matumbawe mafu kutoka majini hadi pakavu, maana sasa akibaki majini moja kwa moja atakufa, na akikosa unyevu pia atakufa. Mashavu yao ya kupumulia yakikauka ni sawa na wewe kuzibwa pua. Watatu walipanda mchangani, usiku, kila mmoja siku yake. Wa kwanza nilimpoteza mwenyewe. Mchana nilisahau kufunika beseni, upepo wa kaskazi ukakausha mchanga, niliporudi saa kumi hatikisiki. Wawili wapo hadi leo, wana ukubwa wa njugu mawe, wanakula nazi na dagaa kwa usiku, mara kwa mara wanajizika wiki nzima kubadilisha ngozi, na ni marufuku kwa mtu yeyote nyumbani kuwafukua.

Sasa turudi kwako. Najua utasema Morogoro kuna chumvi dukani. Hiyo ndiyo sehemu iliyonifanya niwe na wasiwasi. Chumvi ya kupikia si bahari. Maji ya bahari yana magnesi, kalisi, potasi na vingine vingi, na mtoto wa kaa anayejenga ngozi mpya kila siku chache anavihitaji vyote. Ukimwekea maji ya chumvi ya mezani mayai yanaweza kupasuka, utafurahi, utapiga picha, na kesho yake watakuwa chini. Kuna chumvi maalumu ya akwariamu, lakini hata ukiipata una shule, una pampu moja ya kuazima, na huna wa kukesha na kata.

Na hata ungekuwa navyo vyote, mimi niliyeishi hatua mia mbili kutoka baharini nilitoa wawili. Yule mama akiachwa ashuke mwenyewe, bahari inajua kazi yake kuliko mimi. Nimeacha kulea. Jirani akiniletea jike mwenye mayai sasa namshusha usiku huohuo palepale alipookotwa. Upande wa Msimbati siokoti hata gamba tupu. Kule ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Magamba matupu ya huku kwetu nayo nimeacha kuwaletea wageni kama zawadi. Nilimwona kaa mmoja pale gatini kavaa kizibo cha chupa ya soda, nikaona aibu.

Basi sikiliza. Mama yako anakuja Alhamisi kwenye arobaini. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, toboa matundu, weka mchanga mbichi unaoshikana ukiukunjia ngumi, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya mvua juu yake. Wote watano waingie humo, si huyo mmoja tu. Hao wanne nao hukuwaomba ruhusa. Usiwawekee bakuli la maji, basi likiruka tuta watazama. Ndoo ikae miguuni kwa mama yako, isiende kwenye buti la basi, kule ni tanuri. Usiku wa kuamkia safari mulika mayai mara ya mwisho. Yakiwa ya kijivu nipigie hata saa nane za usiku, nitakuja kumsubiri mama yako stendi na dumu la maji ya bahari mkononi.

Na umwambie asiiweke ndoo karibu na ile mikate anayotubebea. Mara ya mwisho alipokuja na kuku tulikula manyoya.

Mjomba wako,
Mikindani