Malalamiko kwa kampuni ya bima: umri wa dereva mliujua, makato hamkuyataja

Buhongwa,
Mwanza.
18 Agosti 2025

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Bima,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SH. 1,000,000 ILIYOKATWA KWENYE FIDIA YANGU KWA SABABU YA UMRI WA DEREVA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu wa bima kubwa, gari dogo la binafsi aina ya Toyota IST. Napinga uamuzi wenu wa kukata shilingi milioni moja kwenye fidia yangu kwa maelezo kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni binti yangu wa miaka 19. Umri huo mliujua kabla sijawalipa hata senti.

Nilipokuja kukata bima nilimweleza wakala wenu shida yangu yote. Binti amepata leseni ya daraja D, anasoma chuo Malimbe, na ndiye anayempeleka bibi yake kliniki Bugando kwa kuwa mimi kutwa niko dukani. Njia yake ni Barabara ya Kenyatta, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni hadi mjini, na anayeipita asubuhi anajua jinsi bajaji, bodaboda na daladala zinavyogombania nafasi. Ukimaliza hapo kuna mlima wa kupanda hospitali, na foleni ikisimama katikati ya mlima, dereva mpya hutoka jasho. Nikamuuliza wakala: kwa dereva wa namna hii nichukue bima ipi?

Alinifafanulia vizuri, na kwa hilo namshukuru. Bima ndogo, sh. 118,000 pamoja na VAT, inalipa hasara ya uliyemgonga. Gari lako unajitengenezea. Ya kati inaongeza moto na wizi. Kubwa inabeba na gari lako mwenyewe. Gari mkalithamini sh. 12,000,000, mkapiga asilimia 3.5, ikaja 420,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 495,600. Yaani nimeongeza sh. 377,600 juu ya bima ndogo niliyozoea kukata miaka yote. Kwa muuza vitenge hiyo ni hela nyingi, ni mzigo mzima wa dukani. Niliitoa kwa sababu moja tu, nayo ni huyo dereva mpya. Bila yeye nisingekuwa na haja ya bima kubwa.

Fomu yenu ya maombi inauliza nani wengine wataendesha gari, umri wao, na tarehe waliyopata leseni. Tulijaza vyote. Miaka 19, leseni ya mwaka huu. Mkagonga muhuri, mkapokea hela, mkatoa kava noti na stika. Nilihakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ikaonekana halali. Kitabu cha masharti sikupewa. Nimekiona mara ya kwanza nilipokuja kudai, tena kwa Kiingereza.

Ajali yenyewe haina utata. Mvua ilikuwa inanyesha, bajaji ikafunga breki ghafla Mkolani kushusha abiria, binti akaikwepa, gari likapiga ukingo wa mtaro. Bampa, shoo, taa moja na rejeta. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Polisi walifika, leseni ikakutwa sawa, gari likakaguliwa, ripoti ya polisi, PF 90, mnayo. Mkadiriaji wenu mwenyewe alikubali matengenezo ya sh. 1,900,000.

Kisha mkaniambia: mchango wa kawaida wa mteja, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe, ni sh. 250,000, na kwa kuwa dereva ana umri chini ya miaka 21, kuna mchango wa ziada wa sh. 1,000,000. Ninyi mtalipa 650,000. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa, ofisa wa madai alinijibu, "Mama, masharti ndiyo hayo, yako kwenye sera."

Ndugu Meneja, sibishi kwamba dereva kijana ana hatari zaidi. Ni mwanangu, nampenda, na najua bado anajifunza barabara. Kampuni za bima duniani kote zinalijua hilo. Uingereza na Marekani mzazi anayemwingiza mtoto wake kwenye bima ya gari anaona bei ikipanda palepale. Wapo wanaokubali gari lifungwe kifaa cha kupima mwendo na breki ili bei ishuke. Inauma, lakini mtu anaumia akiwa bado hajalipa, anaweza kukubali au kukataa. Hapa kwetu mmekokotoa bei kwa thamani ya gari. Umri wa dereva haukubadilisha hata shilingi kwenye ankara yangu, nami nikaamini haubadilishi kitu. Kumbe mmeuweka kando usubiri siku ya ajali. Hilo ndilo nisilolikubali.

Ningeambiwa, nilikuwa na njia. Ningeweza kuuliza kama naweza kuongeza hela kidogo ili mchango huo wa ziada uondolewe. Ningeweza kubaki na bima ndogo, ile 377,600 nikaiweka akiba ya fundi. Au gari lingeendeshwa na kaka yake mpaka binti atimize huo umri mnaoutaka. Hakuna hata moja nililopewa nafasi ya kulifikiria, ilhali nilikuja ofisini kwenu kuuliza jambo hilohilo.

Bima inadai uaminifu wa pande zote mbili. Ningewaficha umri wa binti, leo mngekuwa na haki ya kukataa madai yote, na nisingekuwa na la kusema. Sikuficha. Hata stika hamkunipa mpaka hela ilipoingia, na hivyo ndivyo utaratibu ulivyo. Basi mlichokijua ninyi kuhusu dereva wa miaka 19 nacho kilipaswa kuwekwa mezani kabla ya hela kuingia.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mnilipe sh. 1,650,000, yaani gharama ya matengenezo ukitoa mchango wa kawaida, ambao siukatai. Pili, kila mzazi anayekuja kuwauliza bima ya gari litakaloendeshwa na kijana, apewe kwenye karatasi ya bei, kwa Kiswahili, kiasi ambacho mzazi atakatwa iwapo kijana huyo atapata ajali. Mstari mmoja unatosha. Mwezi huu tu wazazi wawili mtaani kwetu wameniuliza nimekata bima wapi, na sijui niwajibu nini.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka suala hili TIRA, na ikibidi kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Gari bado liko gereji, na bibi anakwenda kliniki kwa bajaji.

Wenu katika biashara,

(Sahihi)
Mteja, mama wa dereva

Viambatisho: nakala ya fomu ya maombi yenye muhuri wenu, kava noti, risiti, PF 90, tathmini ya mkadiriaji.

Nakala: Ofisi ya TIRA, Kanda ya Ziwa, Mwanza.